Mchunga wa Ukuta na Mchunga wa Shamba

Kutoka mjini Amu, kwa mdogo wangu Mwanashee binti Famau, Mbwajumali.

Mdogo wangu, salamu hizi zikukute umekaa. Kaa kwanza. Nakujua, utataka kuisikiliza barua hii umesimama jikoni na mwiko mkononi, kama unavyosikiliza kila jambo. Weka mwiko. Mguu wako uliovimba umeshuka? Na yule mbuzi mwenye pembe moja keshazaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Mimi mzima, namshukuru Mola. Jino langu la mwisho upande wa kulia limetoka lenyewe nikila mkate wa mofa. Sikulililia. Nimelia kwa mengine.

Anayeshika kalamu ni Bi Zuhura, jirani yetu hapa, aliyefundishwa herufi na marehemu babake. Mimi chuoni sikutiwa, wajua, kalamu nikiishika naishika kama mchi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Na huko kwenu atakayekusomea awe mke wa Mwalimu peke yake, mlango umefungwa. Zaidi ya wote, asiwepo Mwanaidi. Barua hii inamtangulia. Yeye anakuja wiki ijayo na chombo cha watu wa Faza, na anakuja bila mtoto.

Basi umelisikia. Nimelitoa mwanzo ili usikae ukilingoja. Sasa nisikilize lilivyokuwa, maana nina haja yangu kwako mwisho wake.

Wakumbuka nilivyokuja huku. Nilikuja kwa siku arobaini za uzazi, nimkande mjukuu wangu Mwanaidi kwa maji ya moto, nimfunge tumbo, nirudi kwangu. Mamake hayupo duniani. Kama si mimi angekandwa na nani? Arobaini hazijesha, mumewe akamwacha, akaenda zake Mombasa kwa mke mwingine. Karatasi ya talaka aliileta mama mtu, Bi Salha, juu ya sinia, kando ya bakuli la uji wa pilipili manga. Akasema, “Kunywa uji kwanza, utapoa.”

Wazee wakakaa. Wao walikuwa wanne wenye majoho, sisi tulikuwa na Kombo mume wako. Wakasema mtoto atakaa na mamake mpaka aache ziwa. Siku atakapoacha ziwa, mama arudi kwao visiwani, mtoto abaki kwa babake. Na babake hayupo, kwa hiyo kwa babake ndiyo kusema kwa Bi Salha. Kombo akaitikia kwa kichwa kama mbuzi aliyeonyeshwa majani. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie nilimwona pia akiongeza sukari kwenye chai yao.

Tukapewa chumba cha chini, karibu na kisima, mimi na Mwanaidi na kitukuu changu. Jina la mtoto ni Rukia. Bi Salha alimpa jina hilo kitovu hakijakauka, hakuuliza mtu. Ni jina la binti yake wa pekee, aliyekufa akiwa na miaka saba. Nakwambia hili uelewe anataka nini na kwa nini hachoki kutaka.

Nyumba yenyewe nzuri, sitaizulia ubaya. Kuta zina vidaka vya kuwekea sahani za Kichina, na kila sahani imekaa tu pale, haitiwi chakula. Sisi tulikula kwenye sahani za bati. Wakija wageni Bi Salha husema, “Hawa ni watu wa visiwani,” kama kwamba Amu imesimama juu ya mlima. Nikamwambia siku moja mbele ya wageni wake, “Bi Salha, na wewe ukitoka hapa kwenda bara utapita kavukavu?” Hawakucheka. Watu wa mji huu hucheka wakishapanda ngazi.

Siwezi kukaa bure, wajua. Kila asubuhi nilitoka nyuma ya mji, mashambani, nikachuma mboga. Siku ya kwanza niliporudi na mchunga, Bi Salha aliuangalia akaziba pua kwa ncha ya leso.

“Bi Mwanamina, na mbuzi wenu hula nini, ikiwa nyinyi mwala haya?”

“Hula mabaki ya wageni wetu,” nikasema. “Ndiyo maana wamenenepa.”

Nikauchemsha, nikamwaga maji mara mbili, nikautia tui zito na ng'onda, papa mkavu. Harufu ikapanda ngazi kabla yangu. Siku hiyo sahani ya Kichina moja ilishuka kutoka kidakani, ikaja kuombea mboga. Tangu hapo kila Ijumaa ni mchunga wa Bi Mwanamina. Nilijivuna, Mwanashee. Likumbuke neno hilo.

Mtoto alipofika miezi kumi na mitatu, akitembea mwendo wa bata, mara akishika ukuta, Bi Salha alishuka chini asubuhi.

“Mtoto huyu ana meno sita.”

“Manane,” nikasema. “Hujamtazama nyuma.”

“Mwenye meno manane hanyonyi.”

“Mwenyezi Mungu amempa miaka miwili, wewe wampunguzia kwa hesabu ya meno?”

“Miwili ni kwa atakaye kuitimiza. Wazee wamesema mpaka aache ziwa, basi ataachishwa. Na shubiri siitaki. Rukia wangu alipakwa shubiri, akatapika siku mbili. Mpakeni mchunga. Si nyinyi ndio wenye mchunga?”

Mwanaidi alikuwa ananyonyesha palepale. Akamfunika mtoto kichwa kwa leso, kama mvua imeanza kunyesha.

Mimi moyo wangu ukacheka, mdogo wangu. Maana mwenye nyumba mwenyewe amenifungulia mlango na hajui.

Wewe na mimi twaijua tofauti ya mchunga wa shamba na wa ukuta tangu hatujaanza kufunika kichwa. Wakumbuka mama alivyotufunga macho kwa leso akatutia utomvu ulimini, mmoja mmoja, na aliyekosea akateka maji ya mwenziwe? Lakini wanawake wa mji huu kwao mchunga ni mchunga. Na kweli ukiitazama haraka ni ndugu wa tumbo moja. Yote miwili ina maua ya manjano yanayofunguka asubuhi na kujikunja jua likikaza. Yote ukivunja shina latoa maziwa meupe. Yote ikikomaa hutoa manyoya yakapeperuka, watoto wakayafukuza.

Ila wa shamba jani lake jembamba, limekatwakatwa kando, na vijipembe vyake vimegeukia nyuma kama vya mbuzi. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi. Waung'oa hapa, watokea pale, mkulima akautukana mpaka akafa ukabaki. Na utomvu wake ukigusa ulimi wausikia mpaka nyuma ya masikio. Wa ukuta huota kwenye nyufa za magofu na kandokando ya visima. Jani lake laini, pana, limelikumbatia shina kwa masikio mawili. Mzizi wake ni mmoja, ukiuvuta watoka mzima kama jino langu. Maziwa yake yana ukali kidogo tu, kama ncha ya tango. Ni dada wawili, mmoja mkali na mmoja mpole, kama mimi na wewe, na usiniulize nani ni nani.

Basi nikaenda gofuni nyuma ya msikiti, nikachuma wa ukuta.

Kila asubuhi Bi Salha alishuka, akakaa kwenye kiti chake, akatazama. Mimi nilivunja shina mbele yake, maziwa yakatoka, nikampaka Mwanaidi kwa dole gumba. Rukia akaja mbio na ule mwendo wake wa bata, akatia mdomo, akakunja pua kama shehe aliyenusa tumbaku. Kisha akacheka, akanyonya. Siku ya tatu alikuwa anakilamba kwanza kidole changu, imekuwa ni mchezo.

“Mtoto huyu ana ulimi wa ngozi,” akasema Bi Salha.

“Ni ulimi wa Mbwajumali,” nikasema.

Mwanaidi aliinamisha uso kwa mtoto asionekane. Akishapanda yule mama, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu siku ya sinia. Hatukutaka kikubwa, Mwanashee. Tulitaka tuufikishe ule mwaka wa pili. Kwa muda huo huenda mwanamume akapata watoto wengine huko Mombasa, huenda mama mtu akachoka kuteremka ngazi. Mtoto angekuja Mbwajumali akitembea kwa miguu yake.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Bi Salha alikuwa na wageni, na wageni wanataka ule mchunga wangu. Mguu uliniuma, kwa hiyo akatumwa Saada, mpishi wa nyumba hii, mama mtu mzima, mpole, aliyekuwa akinipa ukoko wa wali kwa siri. Mimi nilikuwa uani nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mwanaidi yuko darini anaanika nguo za mtoto. Saada akaingia na mzigo wa mboga, akautua mbele yangu.

Nikauona. Wa ukuta mtupu.

Ningenyamaza. Hata ningeupika ningekuwa sijapungukiwa na kitu. Lakini niliona moyoni wale wageni wakila mboga ile na kusema, aa, ndio huu mchunga wa mwanamke wa visiwani?

“Saada, umechuma nini? Huu wa ukuta!”

“Si mchunga, Bi Mwanamina?”

“Astaghfirullahi! Huna macho? Tazama jani, hili lina masikio. Tazama mzizi, huu mmoja. Nikipika huu watadhani wanakula mchicha! Huu uchungu wake uko wapi? Huu hata mtoto wa ziwa hulamba akacheka!”

Nililisema kwa sauti yangu hii, unayoisikia mpaka ng'ambo ya kisima. Na lilipotoka nikalisikia na mimi.

Nikainua macho. Bi Salha alikuwa ngazini, mkono ukutani.

Akashuka taratibu. Akaokota shina, akalivunja, akalitia ulimini. Akaingia chumbani kwetu, akalitwaa lile shina nililovunja asubuhi, akalitia ulimini tena. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

“Siku kumi,” akasema. “Siku kumi umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu.”

“Nimekufanya,” nikasema. “Na ningekufanya mwaka.”

Hapo ndipo Mwanaidi aliposhuka kutoka darini. Akamwona Bi Salha na shina mkononi. Akamwona Saada amesimama na mzigo wa mchunga miguuni, analia kwa hofu. Akayaweka hayo mawili pamoja, nani asingeyaweka? Akamwendea Saada. “Umeniuza,” akamwambia. “Umeuza mwanangu kwa makombo ya wali.” Akatema mate miguuni pake.

Saada akanitazama mimi.

Mimi, Mwanashee. Mimi niliyemkatiza mzee mwenye joho akisema, mimi ambaye marehemu mume wangu alikuwa akinitia tende mdomoni ili amalize maneno yake. Siku hiyo mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Nikatazama nazi yangu, nikaendelea kukuna. Kifuu kimekwisha nyama, nakuna tu.

Alasiri ile ile akatumwa mtu mashambani, akaleta mchunga wa shamba. Bi Salha akauchambua yeye mwenyewe jani kwa jani, nimeshamfundisha tayari. Wageni wake walikuwa wamekaa mkekani wanakunywa kahawa.

“Mpake wewe,” akaniambia. “Mkono wako umezoea.”

“Na nikikataa?”

“Nitampaka pilipili.”

Basi nikampaka. Nilisema moyoni, afadhali mkono wangu. Sijui kama ilikuwa afadhali. Mwanaidi alikaa wima, macho ukutani. Rukia akaja na mwendo wake wa bata, mikono mbele, anacheka, maana kwake ni ule mchezo. Akakilamba kwanza kidole changu.

Hakulia hapo hapo. Alinitazama. Hakumtazama mamake, alinitazama mimi, mdomo wazi, ulimi nje, kama aniuliza. Kisha ndipo alipolia. Mmoja wa wageni akasema, “Sasa huo ndio mchunga,” wakacheka, kahawa ikazunguka.

Siku ya pili alimsogelea mamake, akanusa, akarudi nyuma. Akasogea tena, akarudi. Siku ya tatu akageuza uso. Bi Salha akambeba, akapanda naye juu. Hiyo ndiyo kuacha ziwa. Wazee wakaarifiwa baada ya swala, wakaitikia kutoka barazani, hata hawakuingia ndani.

Mwanaidi maziwa yalimjaa yakawa mawe. Nilimkanda, nikambana kifua kwa kitambaa cha amerikani, homa ikampata siku nne. Akisikia mtoto akilia juu nguo ilimlowa, nami nikambana tena. Sasa homa imekwisha. Hali wala hasemi. Kitu kimoja tu alichosema wiki hii ni, “Bibi, yule Saada Mungu atamlipa.” Nikasema, “Lala.”

Na sitamsingizia Bi Salha. Anampenda yule mtoto. Anamlisha uji wa tende kwa mkono wake, anamwimbia kwa sauti mbovu, amepunguza usingizi. Ndilo linalonikera zaidi. Ningetaka awe shetani mzima nimlaani nipumzike.

Sasa haja yangu. Mimi sirudi na Mwanaidi. Yeye hajui bado, anadhani tunafunga mizigo ya wawili. Nilipanda ngazi juzi, nikamwambia Bi Salha nataka kubaki jikoni.

“Kufanya nini?”

“Kukuna nazi.”

“Nina Saada.”

“Saada hajui mchunga.”

Akacheka, mara ya kwanza mwaka huu. Kisha akasema, “Mtoto akikuona analia.”

“Ataacha.”

“Asipoacha?”

“Nitakuna nazi nimempa mgongo.”

Akasema nitalala chumba kile kile. Basi. Awepo mtu mmoja wa damu ya mamake ndani ya nyumba hii, hata kama ni mgongo.

Saada nimemwangukia, nikamwomba radhi. Akasema, “Kwangu yamekwisha, Bi Mwanamina. Kamwambie aliyenitemea mate.” Nimejaribu mara tatu. Nafungua mdomo, namwona alivyokonda, naufunga. Kwa hiyo mwambie wewe. Akishuka mpokee ufukweni mwenyewe, usimtume mtu. Mpitishe ndia ya nyuma wanawake wasimwulize mtoto yuko wapi. Mlishe kwanza. Siku atakayokula akamaliza sahani, siku hiyo ndiyo umwambie: si Saada, ni bibi yako, na aliuza kwa kujisifu, hata makombo hakupewa. Akinichukia mwache anichukie, usinitetee. Mtu aliye na wa kumchukia huinuka kitandani. Ila amtumie Saada salamu ya radhi kwa mtu wa kwanza ajaye huku.

Na usimpikie mchunga. Wa shamba wala wa ukuta.

Habari za mji nyingine ni chache. Manda, hapo ng'ambo, serikali imewaleta watu wa bara na kuwafungia, na twaziona boti zikiwapelekea maji. Hakuna anayesema neno barazani. Nti nzima, bara na visiwa, imekuwa ya kunong'ona, nami sijui kunong'ona, kama ulivyosikia.

Nisalimie Kombo, ingawa nimemtukana. Msalimie shemeji yetu msuka mitego, umwambie miguu ya wanawake wa Amu haizidi ya mkewe. Wasalimie binti zako wote wawili, na yule mkunga aliyenizalisha mamake Mwanaidi, umwambie bado namwombea. Mbuzi wa pembe moja akizaa, mmoja ni wa Mwanaidi.

Bi Zuhura alikuwa keshaikunja karatasi, nimemwambia aikunjue. Nililokuwa silisemi ni hili. Leo asubuhi nilikuwa nakuna nazi, nimegeuza mgongo kama nilivyoahidi. Nikahisi kitu kimenishika leso. Sikugeuka, niliogopa. Rukia akazunguka mwenyewe kwa kushika ukuta, akaja mbele, akautwaa mkono wangu wa kulia. Akavinusa vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu mzima anayechagua samaki. Alipofika kwenye dole gumba, lile la mchunga, akalisukuma. Hivyo vinne akavitia mdomoni na nazi yake.

Nimelikunja lile dole gumba kutwa nzima. Mkono waniuma, na sijalikunjua.

Mimi dada yako, Mwanamina binti Famau, kwa kalamu ya Bi Zuhura, ambaye ameulowesha ukurasa huu wa mwisho na anasema ni jasho.